Antibiotiki unayomeza wewe haitawamaliza kunguni

Ndugu yangu, umeuliza kama ukimeza antibiotiki wiki mbili, kunguni wanaokunyonya watapoteza bakteria wao na kufa. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Damu ina protini tele lakini vitamini za kundi B ni haba, na kunguni hali kitu kingine maisha yake yote. Pengo hilo huzibwa na bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi mwilini mwake na kurithishwa kupitia mayai. Watafiti wa Japani walionyesha hayo mwaka 2010: kunguni walioondolewa bakteria hao kwa antibiotiki walidumaa na kushindwa kuzaa vizuri, walipolishwa damu iliyoongezwa vitamini B, mambo yakatengemaa. Mbung'o naye ana wake, Wigglesworthia, ambaye mama humpitishia mtoto kwenye maziwa akiwa bado tumboni.

Lakini ile ilikuwa maabara. Wewe utaua bakteria wa tumbo lako na kulea usugu wa dawa, huku kunguni aliyekomaa akiendelea kukuuma kama kawaida. Acha kabisa.

Tumia joto. Fua shuka na foronya kwa maji ya nyuzi 60, mimina maji yanayochemka kwenye chaga na nyufa za kitanda, kisha rudia baada ya wiki mbili, maana kuna mayai yatakayoanguliwa. Na usihamie chumba cha pili: watoto wao huhitaji damu kabla ya kila kujivua ngozi, mara 5 hadi wakomae, kwa hiyo watakufuata.