Binti aliyeniamkia shikamoo

Siku nilipoingia kwa mwanasaikolojia tiba, aliniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikakaa, na papo hapo nikajua nauli yangu imekwenda bure. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina duka la vitenge Kariakoo, nimezika mume na nimesomesha. Huyu aliyekaa mbele yangu na daftari mapajani ni rika la kifungua mimba wangu. Nitaanzaje kumwambia kwamba nikiingia kwenye pantoni naona nakufa?

Naandika haya kwa sababu kila nikiwasimulia wenzangu dukani, swali ni lile lile: "Sasa kule wanakufanyia nini?" Na wanauliza kwa kunong'ona. Tumekua tukisikia kwamba ukishatajwa akili, safari yako ni hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma. Wa Unguja watakutajia Kidongo Chekundu, na jirani zetu wa Nairobi watasema Mathare. Mtu anaona heri aitwe mgonjwa wa presha.

Nami nilianzia huko huko kwenye presha. Naishi Kigamboni, kwa hiyo kila siku navuka maji kwa pantoni kwenda Feri, upande wa mjini. Asubuhi moja, katikati ya mkondo, moyo ulianza kwenda mbio bila sababu. Vidole vikafa ganzi, koo likabana, jasho la baridi likanitoka. Nikashika chuma cha pembeni nikawa natoa shahada kimoyomoyo. Tuliposhuka ng'ambo nilikuwa nimeshatulia, nimebaki na miguu ya mlenda. Wiki iliyofuata ikarudi, kisha ikawa desturi.

Nilipimwa moyo, ule wa kubandikwa waya kifuani. Nikapimwa sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Kote nikaambiwa mzima. Msiruke hatua hii, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi, au damu ikipungua, mtu anaweza kupata mapigo ya moyo na mtetemeko kama ule ule. Shangazi akasema ni jicho la watu kwa ajili ya duka. Nikasomewa dua, na dua sijaiacha hadi leo. Muuza duka la dawa wa mtaani naye akaniuzia vidonge vya kutuliza bila hata kuniuliza swali. Nashukuru niliviogopa. Dawa za jamii ile mwili unazizoea, na kuziacha ni vita nyingine.

Mwisho nikaacha pantoni. Nikawa nazunguka na daladala kupitia darajani, na foleni yake yote, kukwepa maji ya dakika chache. Kwa kuwa sikupatwa tena na ile hali, nikajisifu kwamba nimepona.

Kabla ya yule binti nilipelekwa kwa bwana mmoja aliyejiita mwanasaikolojia. Alipokea simu mara mbili nikiwa naongea, kisha akaniambia nisamehe, nisali, nijikaze, nisiwaze sana. Nasaha hizo nazipata bure kwa mama lishe nikisubiri chai. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nilipaswa kumuuliza: umesomea nini, wapi, ulifanya mazoezi hospitali gani, unatumia njia gani ya tiba? Mwenye kazi yake hakasiriki akiulizwa. Mwanasaikolojia tiba amesomea kutibu. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kwa mfano, kuna shahada ya uzamili ya fani hiyo. Haandiki dawa. Anayeandika dawa ni daktari wa magonjwa ya akili, ambaye kwanza alisomea udaktari. Wengine wanawahitaji wote wawili, na hakuna aibu hapo.

Tumrudie binti. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunieleza siri yangu itakaa wapi. Akasema nitakayoyasema hayatoki mle ndani, isipokuwa kama maisha yangu au ya mtu mwingine yamo hatarini, au mtoto anaumizwa. Halafu akanipa karatasi mbili za Kiswahili. Moja ilikuwa na maswali 9 ya sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, nyingine 7 ya wasiwasi, yote yakihusu wiki 2 zilizopita, na kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3. Swali la 9 linauliza juu ya kufikiri kwamba afadhali ungekufa. Nilisita, akaona.

Nawaambia nanyi alichoniambia: mawazo hayo si kosa, yaseme. Najua kinachotufunga mdomo. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, wakati Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Lakini kumwambia mtabibu kwamba mawazo hayo yananijia hakumpeleki mtu rumande. Na kama yamekuzidi leo, usisubiri miadi. Nenda hospitali leo, na mtu wako, wala usikae peke yako.

Siku ya pili ndiyo iliyonigeuza. Aliniambia nisimame, nipumue kwa haraka na kwa nguvu kwa dakika moja, yeye akiwa anapumua pamoja nami. Nilidhani ni mchezo. Haikupita hata nusu dakika, vidole vikaanza ganzi, kichwa kikawa chepesi, kifua kikabana. Ni yale yale ya kwenye pantoni, ila hapa tuko chumbani, feni inazunguka, chai yake inapoa mezani!

"Mama, tumevuka maji?" akaniuliza.

Nikacheka mpaka machozi. Akanieleza kwamba mtu akipumua hivyo anatoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, na ndiyo maana vidole vinachomachoma na kichwa kinazunguka. Mwili unakuwa umejiandaa kukimbia simba, na simba hayupo. Nikamwambia naogopa kuanguka, watu wanikanyage, pochi iibwe. "Umeshaanguka mara ngapi?" Sijawahi. Akasema ni nadra mtu kuzimia katika shambulio la hofu, kwa sababu presha wakati ule inapanda, na kuzimia kwa kawaida kunatokana na presha kushuka. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia sentensi hiyo moja.

Njia hii wanaiita tiba ya fikra na tabia. Mmoja wa walioiasisi ni Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960, alipoona kwamba wagonjwa wake wana fikra zinazopita kichwani haraka mno na wanaziamini bila kuzihoji. Kwangu ilikuwa ni daftari la mistari lililopigwa safu tatu: kilichotokea, nilichowaza, ushahidi uko wapi. Nilikuwa nalijaza dukani katikati ya wateja. Mdogo wangu alidhani ni la madeni.

Kisha ikaja ngazi. Tuliandika pamoja vitu ninavyoviogopa, kuanzia chepesi kwenda kizito. Chini kabisa: kukaa Feri nikitazama pantoni zinavyoingia na kutoka, mpaka hofu ipande na ishuke yenyewe. Halafu kuvuka na mdogo wangu, tukisimama pembeni. Halafu kuvuka naye, yeye akiwa upande mwingine. Halafu peke yangu mchana. Juu kabisa: peke yangu, asubuhi ya Jumatatu, katikati ya watu, bajaji na pikipiki zimenizunguka. Sharti ni moja: usikimbie hofu ikiwa kileleni. Ukishuka pale ilipo kali, mwili unaandika kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa.

Hapo ndipo tuligombana, kwa sababu ya chupa ya maji. Mimi nilikuwa sitoki bila chupa ya maji mkobani, kipande cha tangawizi, na simu mkononi namba ya mdogo wangu ikiwa tayari. Akaniambia nianze kuviacha kimoja kimoja. Nikamjibu kwa ukali: wewe maji yangu yamekukosea nini? Akatulia, akasema, "Mama, ukivuka salama na chupa, nani atapewa sifa, wewe au chupa?" Niliondoka nimenuna. Tangawizi niliiacha wiki ile ile, simu nikaihamishia mkobani, ila chupa niliing'ang'ania mwezi mzima.

Kwa hiyo anayekwenda akitarajia kubembelezwa atachoka mapema. Saa moja kwa wiki ya kuongea ni ndogo. Kazi yenyewe iko katika zile siku 6 nyingine. Nilikwenda mara 11. Kuna wiki sikufanya zoezi lolote, nikaona haya, nikataka kusingizia msiba. Msifanye hivyo. Nilipomwambia ukweli, hatukugusa kitu kingine siku ile: tulikaa kwenye swali la kwa nini sikufanya, na ikatokea kwamba nilikuwa naogopa kupona. Nikishapona, mdogo wangu hatanisindikiza tena, na tangu mume wangu afariki, safari ile ya asubuhi ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu pekee ya siku. Sikuwa nimejua hilo mpaka liliponitoka mdomoni.

Kuhusu fedha, ulizeni kwanza hospitali za rufaa za mikoa na Muhimbili, penye idara ya afya ya akili, kabla ya kukimbilia ofisi binafsi. Kama mna bima, ulizeni inalipia nini kabla hamjakaa kwenye kiti. Na kama baada ya vikao vitatu au vinne hamwelewani, mwambie, au omba mwingine. Mimi yule wa simu nilimwacha kimya kimya, na kosa langu ni kwamba nilikaa miezi minane nikiamini wote ni kama yeye.

Januari iliyopita tulikuwa ndani ya pantoni tunasubiri magari yapakie, jua limekaa utosini, watu tumebanana mpaka kanga zinashikana. Moyo ukaanza. Nikautambua, nikauacha uende mbio zake, nikawa naangalia kisogo cha kijana mbele yangu aliyebeba trei ya mayai kichwani, kila ikipigwa honi anaishika kwa mikono miwili. Mpaka tunafika ng'ambo ulikuwa umeshachoka wenyewe. Chupa siku hiyo niliikumbuka, maana nilikuwa na kiu kweli.