Godoro la Pili Halitaponya Mgongo

SWALI: Ndugu Mtaalamu, ninachota maji kwa punda, mwendo wa kilomita tisa kwenda na kurudi. Punda wangu hubeba madumu manne ya lita 20. Alipochubuka mgongoni nilimtandika kipande cha godoro, na alipochubuka tena nikaongeza cha pili. Sasa kidonda kimekuwa kikubwa zaidi, na kingine kimetokea nyuma ya kiwiko, inapopita kamba. Je, nitafute godoro la aina gani?
Msomaji, Bahi

JIBU: Ndugu msomaji, usitafute godoro jingine. Sponji hubonyea chini ya mzigo, hunywa jasho na kutunza joto, nayo ngozi iliyolowa huchubuka upesi kuliko ngozi kavu. Isitoshe, kipande kinachovuka mgongo, hata kiwe kinene namna gani, huupeleka uzito juu ya uti wa mgongo, ambako punda hana nyama ya kuubeba.

Shona mito miwili mirefu ya turubai la pamba, uijaze nyasi kavu na kuishindilia sawasawa, kisha uiunganishe ili kila mmoja ulale upande wake wa uti, na katikati ibaki nafasi ya vidole vinne hivi inayopitisha hewa. Chini yake tandika blanketi la pamba lisilo na mikunjo, ukilifua mara kwa mara, kwa maana jasho likichanganyika na vumbi letu la kiangazi husugua kama msasa. Mpira wa tairi, kiroba na kamba ya nailoni visiguse ngozi kabisa. Kamba ya tumboni ibadilishe kwa mkanda wa pamba wenye upana wa vidole vinne, upite kiganja kimoja nyuma ya kiwiko, nawe uweze kupenyeza vidole viwili chini yake.

Kila urudipo, vua tandiko uutazame mgongo. Doa kavu katikati ya jasho huonyesha mahali palipobanwa mno, na manyoya meupe ni alama ya jeraha la zamani. Wapanda farasi wa mashindano ya masafa marefu, yanayofika kilomita 160 kwa siku moja, husoma migongo vivyo hivyo, na huko daktari wa mifugo anaweza kumzuia farasi aliyejeruhiwa asiendelee.

Hata hivyo, tandiko zuri halitaokoa punda anayebeba kilo 80. Punda wa kienyeji mwenye kilo 150 asizidishiwe kilo 50, pamoja na matandiko yenyewe. Kwa hiyo madumu mawili yanamtosha.

Kwa sasa asitandikwe chochote mpaka ngozi ifunge na manyoya yaote. Osha vidonda kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi, wala usipake oili chafu ya gari. Ukiona usaha au ukisikia harufu, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.