Tundu la bushi linamaliziwa ikiwa tayari ndani ya giya

Mkuu, simamisha hiyo kazi kabla fundi wako hajawasha mashine. Umesema giya ya kati ya mashine yako ya kukerezea inacheza kwenye pini, bushi (kile kibomba kifupi kinachokaa kati ya giya na pini) imekwisha, dukani hakuna, unauliza kama nailoni itafaa na bronzi inapatikana wapi. Halafu mwishoni unasema fundi anataka umpelekee pini tu, achonge bushi ipite vizuri kwenye pini, kisha aigonge ndani ya giya. Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Giya na pini vyote vilikwenda na maji.

Pini yangu ilikuwa ya 22 mm. Fundi akachonga tundu likaacha nafasi ya 0.03 mm, akanionyesha pini inavyoteleza, nikaridhika. Upande wa nje bushi aliizidisha 0.04 mm ili ikaze kwenye giya. Sasa bushi ya ukuta mwembamba ukiikaza kwa nje, itajifinya kwa ndani, na karibu mkazo wote unahamia kwenye tundu. Ile 0.03 ikaisha yote. Pini ikagoma kuingia.

Kilichoniuma zaidi ni alichofanya baada ya hapo. Badala ya kuifunga giya kwenye chaki, yaani zile taya za mashine zinazoshika kitu kinachochongwa, alimalize tundu kwa mashine, alizungushia msasa kwenye kijiti, akasugua kwa mkono mpaka pini ikapita. Bronzi ni laini, chembe za msasa zinazama humo na kuosha kwa petroli hakuzitoi zote. Mashine ikianza kazi, bushi inakuwa tupa. Nilipofungua, pini ilikuwa na mifereji inayokwaza ukucha, na tundu limekwenda upande, kwa hiyo meno yalibana huku yakaachia kule mpaka jino likakatika. Nikachongesha giya nzima upya. Na fundi mwenyewe akasema eti bronzi siku hizi ni mbovu! Mtu ana presi, chaki na maikromita mezani, halafu anachukua msasa na kijiti? Sijamsamehe.

Kwa hiyo mwambie hivi: nje ya bushi achonge kwa kipimo, tundu aliache dogo kwa nusu milimita hivi. Aiingize kwa presi, au aivute taratibu kwa boliti na washa nene, nyundo aweke kando. Atoboe njia ya mafuta. Kisha giya ifungwe kwenye chaki, isawazishwe kwa kufuata meno yake, ndipo tundu limaliziwe kwa kisu cha mashine, nafasi 0.03 hadi 0.05. Pini ipimwe sehemu kadhaa. Kama imeliwa, ikerezwe kwanza, ndipo tundu lifuate kipimo chake kipya.

Ukikutana na zile bushi za unga wa bronzi zilizoloweshwa mafuta kiwandani, hizo tundu lake lisiguswe na kisu wala rima (kile kifaa cha kupanulia tundu), vinyweleo vinavyotoa mafuta vinaweza kuziba. Zinasukumwa zikiwa zimevaa pini iliyong'arishwa ya kipimo kamili.

Na kama fundi ameshamaliza tundu, usiruhusu aigonge. Apunguze nje mpaka bushi iingie kwa kusukuma na kidole, aishike kwa ile gundi ya kijani ya kushikilia beringi. Bila mkazo, tundu halitafinyika.