Mwalimu, hii namba ni tasa au si tasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nachezea kalkuleta, nikaona 2³² ni 4294967296. Nikaongeza 1, nikapata 4294967297. Nimeigawa kwa namba tasa zote hadi 100, hakuna hata moja inayoingia bila baki. Je, naweza kusema ni namba tasa?

JIBU: Marahaba. Hapana, bado. Namba haiwi tasa kwa sababu mgawaji amechoka. Ni lazima ujaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba yako; hicho kinaizidi 65536 kidogo mno, na chini ya hapo zipo namba tasa 6542. Wewe umejaribu 25.

Hata hivyo uko na wenzako wakubwa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba namba za ukoo huu zote ni tasa. Chukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ongeza 1: unapata 3, 5, 17, 257 na 65537. Zote tano ni tasa kweli. Inayofuata ni hii yako, na ndiyo iliyomwangusha. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6700417.

Sasa sikiliza, maana utamu uko hapa. Baadaye Euler alieleza kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kiache baki 1. Kwa hiyo 3, 7, 11 na wenzao wote uliohangaika nao hawakuwa na nafasi tangu mwanzo. Wanaobaki ni 193, 257, 449, 577, 641 na kuendelea. Wa tano tu, kazi imekwisha!

Na kama huiamini kalkuleta (mimi siiamini sana tarakimu zikizidi nane), 641 inajithibitisha bila kugawa. Anza na 640, ambayo ni 5 × 128, yaani 5 × 2⁷. Ipandishe hadi kipeo cha 4: 640⁴ = 625 × 2²⁸. Lakini 625 ni 641 toa 16, na 16 × 2²⁸ ni 2³². Basi 640⁴ = 641 × 2²⁸ − 2³². Hamisha pande, kisha ongeza 1 kila upande:

2³² + 1 = 641 × 2²⁸ − (640⁴ − 1)

Kipande cha kwanza cha kulia kina 641 waziwazi. Cha pili, 640⁴ − 1, ni 639 × 641 × (640² + 1), nacho kina 641. Tofauti yao itaikwepa vipi?

Kuhusu 6700417: yenyewe ni tasa, na hilo unaweza kulihakiki leo. Usianze tena na 3. Mwaka 1878 Édouard Lucas aliibana sheria ya Euler, ile 64 ikawa 128. Kipeuo cha pili cha 6700417 hakifiki 2589, kwa hiyo za kujaribu ni 257, 641, 769, 1153 na 1409 peke yake. Niandikie baki ya kila moja.