Nafuta majina na nafuta mazungumzo: je, taarifa za wafanyakazi ziko salama?

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni afisa utumishi. Kwa muda sasa natumia chatiboti ya akili mnemba, kwenye akaunti ya bure niliyofungua kwa baruapepe yangu binafsi. Hunisaidia kuandika barua za onyo, kufupisha kumbukumbu za vikao vya malalamiko na kupanga orodha ya mishahara. Kabla ya kubandika kitu huwa nafuta majina, na nikimaliza nafuta mazungumzo yote. Mkuu wangu ameanza kuuliza kama taarifa za wafanyakazi ziko salama. Nimjibu nini?

Jibu: Mwambie ukweli kwamba bado haziko salama. Hayo mawili unayoyafanya wengi hawayafanyi, na nakupongeza, lakini yote mawili yana pengo, na pengo kubwa liko kwenye majina.

Nianze na kufuta mazungumzo. Unachoandika kinakwenda kwenye seva za kampuni na kuhifadhiwa huko chini ya akaunti yako. Ukibonyeza kufuta, kinatoweka machoni pako papo hapo, ila kwenye seva huondolewa baadaye kwa utaratibu wa kampuni. OpenAI, wenye ChatGPT, hutaja siku 30. Hata ahadi hiyo inaweza kusimamishwa na mtu wa tatu: Mei 2025 mahakama ya Marekani, katika kesi ambayo gazeti la New York Times liliishtaki OpenAI, iliiamuru kampuni hiyo itunze mazungumzo ya watumiaji, yakiwemo ambayo wenyewe walikwisha kuyafuta. Agizo lilidumu miezi kadhaa. Watumiaji hao hawakuwa na kosa lolote wala kesi haikuwahusu. Wateja wa ChatGPT Enterprise, ile inayouzwa kwa makampuni, hawakuguswa, na hilo ulikumbuke maana nitalirudia.

Ajali za kiufundi nazo hutokea. Tarehe 20 Machi 2023 hitilafu ya programu iliwaonyesha baadhi ya watumiaji wa ChatGPT vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Hebu fikiria kichwa kinachosomeka "Barua ya kumwachisha kazi mhasibu".

Kwenye akaunti za binafsi, makampuni mengi hutumia mazungumzo kufundishia modeli zao, yaani programu zinazotunga majibu ya chatiboti, mpaka wewe mwenyewe uzime ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Izime leo. Lakini ukiizima, maandishi bado yanahifadhiwa, na wafanyakazi wa kampuni wanaweza kuyasoma wanapochunguza matumizi mabaya.

Sasa majina. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney wa Marekani alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta, vikiwekwa pamoja, vinatosha kumpambanua mtu mmoja mmoja kwa takriban asilimia 87 ya wakazi wa nchi ile. Hapo hakuna jina hata moja. Ofisini hali ni mbaya zaidi kwa kuwa watu ni wachache. Soma sentensi hii: "Mhasibu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi mwezi Machi anamlalamikia mkuu wa idara kwa kumnyima safari za kikazi." Jina halimo, ila yeyote anayefanya kazi hapo atamjua kabla hajafika kwenye nukta. Na kwa kuwa akaunti ni yako, kujua ofisi inayozungumziwa si kazi ngumu.

Dawa ninayoiamini ni hii: kwa kazi nyingi unazoipa, chatiboti haihitaji taarifa halisi za watu ili izifanye. Kwa barua ya onyo, andika hivi: "Niandikie barua ya onyo la kwanza kwa mfanyakazi anayechelewa mara kwa mara baada ya kuonywa kwa mdomo. Acha wazi nafasi ya jina, cheo, tarehe na kifungu cha kanuni." Ikishakuletea, inakili kwenye kompyuta yako ujaze mwenyewe. Kwa mishahara, usibandike orodha. Taja vichwa vya safu, weka mistari miwili ya kubuni, kisha omba fomula. Fomula hiyohiyo itafanya kazi kwenye orodha halisi, na hakuna mshahara wa mtu uliotoka nje. Utaona pia kwamba majibu hayapungui ubora, na mara nyingine huwa bora kwa sababu umelazimika kueleza unachotaka.

Epuka kupakia faili zima. Faili la Word hubeba jina la mwandishi na wakati mwingine masahihisho ya zamani. Excel huwa na safu zilizofichwa. PDF iliyowekewa kibandiko cheusi juu ya jina inaweza kuwa bado ina jina lile chini yake, na linanakilika.

Kumbukumbu za malalamiko ni jambo jingine. Uzito wake umo ndani ya maelezo yenyewe, ukiyaondoa hakuna cha kufupisha. Hizo zisiingie kabisa kwenye akaunti ya binafsi. Ama ofisi inunue huduma ya kibiashara yenye mkataba unaosema data haitumiki kufundishia, inakaa muda gani na nani anaweza kuiona, ama mtumie modeli inayofanya kazi ndani ya kompyuta yenu. Programu kama Ollama na LM Studio zinaweza kuendesha modeli za Llama au Mistral bila intaneti mkishazipakua. Modeli ndogo hukosea zaidi, hivyo muhtasari lazima usomwe upya na mtu aliyekuwa kikaoni. Mpaka mojawapo ipatikane, fupisha kwa mkono. Najua ni kazi, lakini aliyekuja kulalamika alikuamini wewe, hakuiamini kampuni ambayo hata haijui.

Kuhusu yaliyokwisha kuingia, yafute yaliyobaki, angalia kwenye mipangilio kama kipengele cha kumbukumbu (memory), ambako chatiboti hujiwekea mambo uliyoiambia, kimehifadhi chochote ukisafishe, na futa viungo vyote ulivyowahi kutengeneza kushirikisha mazungumzo. Mwaka 2025 mazungumzo ya ChatGPT yaliyoshirikishwa kwa viungo yalionekana kwenye utafutaji wa Google. Kama uliwahi kubandika nenosiri, libadilishe leo. Malalamiko ya mtu hayabadilishiki namna hiyo, kwa hiyo andika orodha ya yale unayokumbuka kuyabandika na umpelekee mkuu wako pamoja na jibu lako, ili yeye na mwanasheria wa ofisi waamue kama wahusika wanapaswa kuarifiwa.