Usilipe skrini ambayo haijawashwa mbele yako

Usilipe. Umeuliza ununue skrini ya kompyuta ya inchi 27 au 32, umeuliza kama kadi yako ya michoro itaiweza, halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukaandika kwamba kesho asubuhi unapeleka dola 780 mjini kwa skrini ya OLED ya Hz 240 (picha 240 kwa sekunde), na muuzaji amekwambia katoni haifunguliwi kwa sababu "skochi ya kiwandani ndiyo garanti". Leki, mdogo wangu, mimi niliambiwa maneno hayo hayo mwaka jana, hapa hapa L'shi (Lubumbashi, Kongo), na yalinigharimu dola 850. Nilipoyasoma kwenye swali lako chai ilinipalia.

Nilipelekwa dukani na komisioneri mmoja (dalali), kijana mtanashati, viatu vinang'aa, anajiita mtu wa kompyuta. Dola 20 zake alichukua kabla hata sijaiona katoni. Muuzaji akazihesabu noti zangu moja moja, akaziinua juu kwenye mwanga, moja akanirudishia kwa sababu ilikuwa na mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Yaani noti yangu ilikaguliwa dakika tano, skrini yake haikukaguliwa hata sekunde. Nilipoomba tuiwashe akasema umeme hakuna. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta mpaka vioo vya kabati vinatetemeka. Nami nikaitikia kwa kichwa, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikarudi nayo nyumbani Kenya (Kenya ya Lubumbashi, ndugu wa Nairobi msishtuke). Usiku wa kwanza raha tupu. Nyeusi ya OLED ni nyeusi kweli, kwa sababu kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, inajiwakia yenyewe, hakuna taa nyuma. Usiku wa pili nikafungua ukurasa wa kijivu kitupu. Chini, pembe ya kulia, nikaona nukta mbili, moja juu ya nyingine. Nikafuta kwa kitambaa. Nikafuta kwa mate. Zipo. Nikasogeza macho: kila upande wa nukta kuna ukungu kama namba 8, na chini, kutoka ukingo hadi ukingo, mstari hafifu wenye vivuli vya visanduku. Ilikuwa alama ya saa ya Windows, iliyokaa pale pale muda mrefu mpaka ikaunguza skrini. Tarakimu hubadilika, kwa hiyo zilikuwa zimepandana, lakini zile nukta za katikati hazihami, ndizo zilizoungua kabisa. Nimenunua saa ya dola 850 ambayo haisemi saa ngapi.

Nikaingia kwenye menyu ya skrini yenyewe. Baadhi ya OLED zinahesabu muda zilizowaka. Yangu iliandika saa 2,914. Gawanya kwa saa nane za kazi: ni siku 364. Mtu ameitumia mwaka mzima, ameifuta vumbi, ameirudisha kwenye katoni, akapiga skochi mpya. Hiyo ndiyo "ya kiwandani".

Na nikueleze kwa nini iliungua hivyo, maana wewe pia unaishi mji wa umeme wa kukatika. OLED nyingi, baada ya saa kama nne za kuwaka, zinahitaji kuachwa zimelala huku waya uko kwenye umeme, zijirekebishe pikseli kwa dakika chache. Ukizima swichi ya ukutani, au jenereta ikizimwa saa kumi na moja jioni ofisi inapofungwa, hilo halifanyiki. Nadhani yangu ilikaa kwenye kaunta ya namna hiyo, haikulala vizuri hata siku moja. Kwa hiyo hata ukipata mpya kabisa, usiichomoe kila ukimaliza kucheza.

Nilirudi dukani. Mara ya kwanza wakaniambia skrini imechoka na safari, niipumzishe wiki moja. Skrini! Imechoka na safari! Mara ya pili wakasema garanti ni ya kiwanda, niwasiliane na kiwanda. Mara ya tatu muuzaji akanionyesha tu muhuri wa buluu kwenye risiti, Kifaransa safi: kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi. Komisioneri? Simu yake inaita mpaka leo. Na wale jamaa wa YouTube waliokujaza hamu, kumbuka wengine wanapima skrini waliyoletewa na kiwanda chenyewe. Hakuna anayewaambia umeme hakuna.

Basi iwashwe, mbele yako, kabla hujatoa noti. Beba laptop na waya wa HDMI wa kuiunganisha na skrini, uwe na picha tupu za rangi: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu, na kijivu za giza mbili tatu. Kijivu ndiyo inayosema ukweli, nyeupe inaficha. Duka likiwa na mwanga mwingi jifunike. Mimi siku hizi nikimsindikiza mtu nabeba kitenge cha mke wangu, najifunika kichwa na skrini pamoja kama wapiga picha wa zamani. Wanacheka. Wacheke. Kisha fungua menyu, tafuta saa za matumizi. Laptop ikionyesha Hz 144 badala ya 240 usigombane bure, toleo la HDMI 2.0, kwa skrini ya pikseli 2560 kwa 1440, linaishia hapo. Pikseli moja iliyokufa kati ya milioni 3.6 na zaidi, viwanda vingine havihesabu kuwa ni kasoro, kwa hiyo itafute wewe mwenyewe mukiwa bado dukani.

Akikataa kuifungua, toka. Akisema mteja mwingine anakuja kuichukua saa sita, mwache aje aichukue, Mungu amsaidie.

27 au 32: chukua 27. Kesho unatoka saa ngapi? Pitia huku Kenya kwanza, kitenge kimeshafuliwa.