Mama mwenye moyo mkubwa asinywe magome ya mwavi

Dada uliyeuliza kama mama yako hapo Ujiji anaweza kunywa maji ya magome ya mti wa mwavi juu ya dawa za moyo alizopewa, jibu ni hapana, tena mwambie leo leo. Wanaosema mwavi unaupa moyo nguvu hawajatunga, ndani ya lile gome kuna kemikali inaitwa kasaini, inaziba pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli za moyo, kalsiamu inajaa ndani na msuli unabana kwa nguvu zaidi. Shida ni kwamba digoksini, moja ya dawa za moyo wanazopewa wagonjwa hospitali, nayo inaziba pampu hiyohiyo, kwahiyo ukichanganya ni kama kumpa dozi mara mbili, na kama anameza na lasiksi za kupunguza maji potasiamu inashuka ndo sumu inakuwa kali zaidi.

Alafu kidonge cha digoksini kina 0.125 au 0.25 mg, kipimo kinajulikana, ila gome la sufuria nani anapima? Mti na mti nguvu yake inatofautiana sana. Wazee walikuwa wanawanyweshea watuhumiwa wa uchawi mwavi na watu walikufa kweli, mapigo yanavurugika alafu moyo unasimama.

Kama keshakunywa na anatapika, anaona ukunguukungu au mapigo yanarukaruka, usisubiri kesho, mpeleke hospitali ya Maweni sasa hivi na hilo gome ubebe waone. Na kama hajanywa mwavi, dawa zake asiache, jamani.